Kigae cha Maji Kivulini: Tuwanyweshe Ndege Wetu Kipindi Hiki cha Kaskazi

(Maneno niliyowaambia wakazi wenzangu wa Tabata, Dar es Salaam, kwenye mkutano wa mtaa mwezi wa Januari. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka, nikipunguza marudio tu.)

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wajumbe, walimu mliokuja na wanafunzi wenu, kina mama, kina baba na vijana, habari za asubuhi.

Mwenyekiti, nakushukuru kwa kunipa nafasi katikati ya ajenda nzito za takataka na taa za barabarani. Jambo nililokuja nalo halihitaji mchango wala kamati. Ndege wanaoishi kwenye nyumba zetu wana kiu wakati huu, na sisi tuna uwezo wa kuwanywesha. Nalisema neno lenyewe mapema ili hata atakayetoka kabla sijamaliza aondoke nalo: weka maji kidogo kivulini, na yabadilishe kila siku asubuhi. Na kama unajijua hutaweza kuyabadilisha kila siku, usiweke kabisa. Hilo la pili nitalirudia, maana ndilo watu wanaloliruka.

Tuko kwenye kaskazi. Vuli imekwisha, masika bado hadi Machi, na hapa katikati jua linatuwakia vilivyo. Mchana joto linafika nyuzi 32, na unyevu wa bahari unalifanya ling'ang'anie mwilini. Sisi angalau tunatoka jasho. Ndege hana jasho, ngozi yake haina tezi hizo. Mwili wake hata akiwa mzima na ametulia una joto la nyuzi 41 hivi, kwa hiyo hana nafasi kubwa ya kupanda kabla hajaumia. Njia yake kuu ya kujipoza ni kutweta. Mtazameni kunguru juu ya bati saa nane mchana: ameachama mdomo, koo linatetemeka, mabawa ameyaachanisha na mbavu. Watoto husema ana hasira. Hana hasira, anapunguza joto, na kila pumzi inayotoka inamtoa maji. Tena hewa yetu hii iliyojaa unyevu inamzidishia kazi, kwa sababu maji hayakauki upesi kwenye hewa ya namna hiyo. Anatweta sana, anapoa kidogo.

Kunguru angalau ana mwili mkubwa. Fikirieni shomoro. Shomoro mzima ana gramu 25 au 30, na mwili mdogo hukauka upesi kuliko mkubwa. Akiba ya maji aliyonayo ni ndogo mno. Akikosa mahali pa kunywa kwa mchana mzima wa jua kali, yuko hatarini.

Si kila ndege ana kiu ileile. Chozi, yule mdogo mwenye mdomo uliopinda anayening'inia kwenye maua ya migomba na haibiskasi, anapata maji mengi kwenye nekta. Shorewanda anakula mapapai yetu na mapera yaliyoiva, na matunda yana maji. Anayekula viwavi na panzi naye ana afueni, maana zaidi ya nusu ya mwili wa mdudu ni maji. Mwenye shida ni mla mbegu. Mbegu iliyokauka ina maji kama sehemu moja kwa kumi tu ya uzito wake. Kwa hiyo tetere, pugi, shomoro, chiriku na mnana ni lazima wakanywe, na kwenye joto hili wanakunywa zaidi ya mara moja kwa siku. Tetere ana jambo la ziada: makinda yake anayalisha maziwa yanayotengenezwa kwenye gole, ule mfuko wa kooni, na kazi hiyo wanaifanya mama na baba wote wawili. Tetere aliye na makinda kwenye mwembe wako ana hitaji la maji ambalo huwezi kuliona kwa macho.

Ukiweka maji karibu na dirisha utaona mambo ambayo wengi tumeishi nayo bila kuyatazama. Shomoro anachota tone, anainua kichwa juu ili literemke, anachota tena. Ndege wengi hunywa hivyo. Tetere hafanyi hivyo. Anazamisha mdomo hadi puani na kuvuta kwa mfululizo, kama mtoto na mrija wa soda, kisha anaondoka. Ndiyo maana maji yakiwa kama utando tu chini ya sahani, shomoro atamudu lakini tetere atahangaika.

Na shorewanda, huyu mwenye kichwa cheusi na rangi ya njano chini ya mkia anayetuamsha alfajiri, huyu anakuja kuoga. Anatua ukingoni, anaangalia kushoto na kulia, anaingia. Anachovya kifua, anatikisa mabawa hadi maji yanaruka pande zote, anatoka, anafikiri kidogo, anarudi tena. Akimaliza anaruka hadi kwenye kamba ya kuanikia nguo, anajikung'uta, halafu anaanza kazi ya kupitisha manyoya mdomoni, moja baada ya jingine. Hapo anayapaka mafuta yanayotoka kwenye tezi iliyo juu ya shina la mkia. Manyoya yaliyojaa vumbi hayashiki mafuta vizuri, na manyoya mabovu hayamkingi na jua wala mvua wala hayampi mruko mzuri. Kwa hiyo kuoga kwake ni kujitengeneza. Chozi yeye haingii beseni. Anajisugua kwenye majani yaliyolowa. Unapomwagilia maua asubuhi, rushia maji na majani ya juu, umemwogesha chozi.

Sasa mtu ataniuliza: mbona zamani ndege waliishi na hatukuwawekea chochote? Ni swali la haki. Zamani nyua zetu zilikuwa za udongo na mchanga. Maji ya kuoshea vyombo yalimwagwa chini ya mgomba, yakatengeneza kidimbwi. Pembeni ya bomba palikuwa na tope, kando ya kisima palikuwa na maji yaliyomwagika, na barazani kwa watu palikuwa na mtungi na kata yake kwa ajili ya mpita njia yeyote. Leo tumetandaza pevingi kutoka getini hadi mlangoni. Ni safi, sikatai, gari halizami. Lakini maji yanayomwagika hapo yanakimbilia mtaroni au yanakauka kabla ndege hajashuka. Maji tunayahifadhi kwenye matangi yenye vifuniko juu ya minara, na ni vizuri iwe hivyo kwa afya zetu. Matokeo yake ni kwamba maji ya wazi yaliyobaki mtaani ni ya mtaroni: yana sabuni ya kufulia, yana mafuta machafu ya gereji, yana mengine ambayo sitayataja mbele ya watoto. Mteremko wetu huu unaishia Mto Msimbazi, na hali ya maji ya Msimbazi mnaijua. Huko ndiko tetere anakokwenda kunywa sisi tukiwa tumelala mchana. Chakula Dar es Salaam ndege anapata. Maji safi, ya kina kifupi, karibu na mti, hayo ndiyo adimu.

Chombo si cha kununua kwa bei. Kigae cha chungu kilichovunjika kinafaa kuliko vitu vingi vya dukani. Sahani ya udongo inayokaa chini ya kopo la maua inafaa sana. Udongo uliochomwa unapitisha maji kidogo, yanakauka kwa nje, na yaliyomo ndani yanapoa; aliyewahi kunywa maji ya mtungi hahitaji kuelezwa hilo. Tena una mkwaruzo, kucha zinashika. Kama huna, kifuniko cha ndoo au sinia la zamani litafanya kazi, ila tia mchanga kidogo au vipande vya vigae chini ndege asiteleze. Sufuria na karai juani usiweke. Saa saba mchana maji yake yatakuwa ya moto, na ukingo wake utaunguza miguu.

Kina ni jambo la kuangalia. Pembeni maji yawe ya sentimita 2, katikati yasizidi 5. Weka jiwe katikati, liwe linachomoza juu ya maji, ili mdogo apate pa kusimama. Na hapa niwaombe kina mama wenye ndoo na mapipa uani: funikeni. Kama pipa haliwezi kufunikwa, laza kijiti au ubao wa kutoka kwenye maji hadi ukingoni. Ndege mwenye kiu anashuka kwenye pipa, ukuta unateleza, manyoya yanalowa, hawezi kutoka. Nyuki na mijusi nao hufa hivyo hivyo.

Mahali pa kuweka ni kivulini, lakini si ndani ya kichaka. Paka wetu wanajua kusubiri. Acha kama mita 2 za uwazi kati ya maji na majani mazito yaliyo karibu na ardhi, ili ndege amwone paka anapotoka, na tawi la kukimbilia liwe juu yake, si mbali. Kukiinua chombo juu ya kisiki au matofali ni bora zaidi, ingawa tetere na pugi hupenda kunywa chini. Ndugu zangu mnaokaa ghorofani, hata ukingo wa kibaraza unatosha, lakini fungeni chombo kwa waya. Kigae kikianguka kutoka ghorofa ya nne juu ya kichwa cha mtu, hatutakuwa tumetenda wema.

Maji gani? Ya bomba ni sawa. Ya kisima, yaonje kwanza. Tunajua visima vingi vya jiji hili vina chumvi, vingine hata kufulia ni tabu. Ndege wa baharini wana tezi za kutolea chumvi, shomoro hana za kumsaidia. Kama wewe huwezi kuyanywa, usimpe. Maji ya kuoshea mchele yanachacha mapema kwenye joto hili, yapeleke kwenye mchicha. Yenye sabuni hapana kabisa, maana sabuni inayaondoa yale mafuta ya manyoya niliyosema. Yale yanayodondoka kwenye kiyoyozi yamepita kwenye uchafu wa mashine, mwagilieni maua. Na msitie sukari wala glukosi mkidhani mnamwongezea nguvu. Sukari kwenye joto inaota ukungu na inaita sisimizi.

Najua wiki za mgao zipo, na kuna siku mtu ananunua dumu. Sitasimama hapa nimwambie mama anayenunua maji kwa dumu amwage lita tano kwa ajili ya ndege. Kigae ninachosema kinachukua nusu lita, ikizidi sana lita moja. Na ya jana unapoyamwaga, mwaga kwenye shina la mpapai au kwenye tuta la mchicha. Hayapotei.

Sasa nifike kwenye mbu, na hapa naomba msikilize kwa makini, hasa walimu. Kuna mtu hapa anawaza: tumehangaika na dengue, sasa unatuambia tuweke visahani vya maji mtaa mzima? Ana haki ya kuogopa. Jiji hili lilipata mlipuko wa dengue mwaka 2014, ukarudi 2019, na wengine humu ndani mliugua, mnajua maumivu yale ya viungo na nyuma ya macho. Mbu anayeeneza dengue, Aedes aegypti, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anauma mchana, na anapenda hasa maji machache yaliyotulia karibu na watu: tairi, kifuu, kopo, kisahani cha maua. Kigae cha ndege kilichosahauliwa ni nyumba yake.

Lakini mbu ana ratiba, na ratiba hiyo tunaweza kuivunja. Kwenye joto letu, kutoka yai hadi mbu anayeruka inachukua wiki moja hadi siku kumi hivi. Ukimwaga maji kila asubuhi, hakuna kiluwiluwi atakayefika huko. Tatizo ni yai. Huyu hatagi juu ya maji, anabandika mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya pale maji yanapoishia, na mayai hayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri kulowa. Kwa hiyo kumwaga na kujaza hakutoshi. Sugua ukuta wa ndani. Chukua kumbi la nazi na mchanga kidogo, zungusha ukingo wote, suuza, jaza. Ni kazi ya dakika mbili. Mara moja kwa wiki mwagia maji yanayochemka, kisha kianike juani kikauke kabisa kabla ya kukirudisha.

Ndiyo maana nasema asiyeweza kubadilisha asiweke. Maji yaliyokaa siku tatu kwenye joto hili yanakuwa ya kijani, yana kinyesi cha ndege ndani yake, na kila anayekuja kunywa anaacha ugonjwa wake kwa anayefuata. Njiwa na tetere wana ugonjwa wa koo unaosababishwa na kijidudu kinachopita kwenye mate. Mgonjwa mmoja akinywa, maji yanawapelekea wenzake. Unayeweka maji na kuyasahau unawaumiza ndege zaidi ya yule ambaye hakuweka. Mkisafiri kwenda kijijini, kifudikizeni chombo. Ndege atatafuta kwingine.

Wafugaji wa kuku, nimewasikia mkinong'ona kuhusu kideri, ule ugonjwa unaoua kuku. Tenganisheni. Chombo cha ndege kiwe mbali na banda, na kuku asifike. Cha kuku kiwe ndani ya banda, shomoro asifike. Na wote tuwe na utaratibu huu: ukiona ndege wawili watatu wamekufa au wamenyong'onyea karibu na maji, mwaga, kausha chombo, usiwashike kwa mikono mitupu, na mpe taarifa afisa mifugo wa kata.

Kunguru atakuja. Nazungumzia huyu mwenye shingo ya kijivu, kunguru wa India, aliyeletwa Unguja miaka ya 1890 ili ale taka za mji, na leo ametamalaki pwani yote. Anakula mayai na makinda ya ndege wengine, na akikuta maji yako atachovya humo kipande cha utumbo alichookota jalalani. Mimi simchukii kwa kuwa na kiu, ila kwa kigae hiki sikumkusudia yeye. Tumia chombo kidogo, kiweke chini ya matawi ya chini ya mstafeli au mlimau mahali ambapo mwili mkubwa hauingii kwa raha, ukikumbuka lile la paka, yaani chombo kiwe juu ya matofali. Wengine hukizungushia waya wa banda la kuku wenye matundu ya kupita shomoro. Tetere hatapita hapo, kwa hiyo mwekee chake karibu na mlango wa jikoni mnapopita watu. Kunguru ana akili, akifukuzwa mahali mara kadhaa huwa anapakumbuka.

Wanafunzi, sasa nasema na nyinyi. Najua manati zipo, na najua ulimbo wa fenesi mnaujua. Ndege anayeshuka kunywa ameinamisha kichwa, hakuoni, na kumpiga hapo ni rahisi mno. Nawaomba kwa dhati: penye maji manati isifike. Tukiweka maji kisha tukawapigia hapohapo, tutakuwa tumetega mtego na kuuita ukarimu. Wazazi, mpeni mtoto kazi hii ya asubuhi iwe yake, kusugua na kujaza kabla hajavaa sare. Mtoto anayemjua shorewanda wake kwa namna anavyooga hatamlenga kwa jiwe.

Wako watakaouliza tunapata nini. Wazee wa mwambao walitufundisha kwamba kumnywesha kiumbe chochote chenye roho ni sadaka, na mimi hilo linanitosha. Anayetaka zaidi aangalie mchicha wake. Ndege aliyekuja kunywa hushuka pia kwenye tuta, na viwavi wanaotoboa majani ndio chakula anachowapelekea makinda. Hata mnana na shomoro, walaji wa mbegu, huwalisha makinda wao wadudu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Anzeni kesho alfajiri, kabla jua halijapanda. Msivunjike moyo ndege wasipokuja siku ya kwanza. Wanachunguza kwanza, na mara nyingi shomoro ndiye anayeonja, wengine wakamfuata. Wanakuja zaidi baada ya mapambazuko na jioni kabla ya kulala, ila kwenye joto la namna hii mtawaona hata saa sita. Endeleeni hadi masika. Mvua zikishika Machi, maji yako kila mahali, na hapo kigae kisuguliwe, kikaushwe, kiwekwe kifudifudi stoo, maana miezi ile mbu wana mengi ya kutosha bila sisi kuwaongezea. Kaskazi ikirudi Desemba mtakitoa.

Nimeleta vigae kadhaa, viko pale mezani kwa katibu, nimevisugua kingo zisikate mkono. Asiye na chombo achukue. Mwenyekiti, naona mama pale nyuma ameinua mkono tangu nilipomtaja kunguru. Kwa ruhusa yako, tumsikilize.